Maswali ya Vanila: Maganda Mawili Hayatoshi

Maswali ya vanila yamerundikana na mengi ni yaleyale. Nimechagua yale yanayogusa makosa ninayoyaona kila mara.

Nimeloweka maganda mawili ya vanila kwenye chupa ya vodka ya mililita 750 nipate vanila ya maji ya kutia kwenye keki. Miezi mitatu imepita, bado inanuka pombe tu. Nimekosea wapi?

Kwenye maganda. Mawili kwa chupa nzima ni pombe iliyopakwa harufu. Kanuni ya chakula ya Marekani inadai takriban gramu 100 za maganda kwa kila lita, katika kileo kisichopungua asilimia 35. Chupa yako basi inataka gramu 75. Ganda moja likiwa na gramu 2 hadi 4, hayo ni kama maganda 19 hadi 38. Ni ghali, ndiyo. Usipoyamudu, punguza pombe, usipunguze vanila: gramu 10 kwa mililita 100 zitakupa kichupa kidogo chenye kitu cha maana. Na utumie mizani. Kuhesabu hakusaidii, maganda hayalingani.

Yapasue kwa urefu, yakate, yazamishe yote, maana linalochungulia juu ya pombe hushika ukungu. Weka chupa kabatini gizani, itikise kila wiki, uonje baada ya miezi miwili, ila usiitolee hukumu kabla ya sita. Pombe ya asilimia 40 isiyo na ladha yake inatosha, kwa kuwa baadhi ya vionjo vya vanila huyeyuka kwenye kileo na vingine kwenye maji, na humo vyote viwili vimo. Hamkuuliza, lakini nasema: spiriti ya kusafishia vidonda au ya kuwashia jiko haiingii kwenye chakula kamwe. Ni sumu.

Siwezi kuchemsha maganda kwa maji, nikaweka kwenye chupa?

Hapana, yataoza. Kileo ndicho kinachohifadhi. Ukitaka kuchemsha, chemsha ganda kwenye maziwa unayoyatumia leo.

Nyumbani kwetu pombe haiingii. Nimeambiwa yote huisha kwenye oveni. Ni kweli?

Si kweli. Nyingi hupotea, haiishi yote, na kwenye krimu isiyopikwa haijaenda popote. Anayekuhakikishia kwamba imeisha anakuamulia jambo ambalo si lake kuamua. Hata esensi za dukani, baadhi zina kileo, kwa hiyo soma lebo. Njia iliyo safi kabisa ni sukari ya vanila: ganda moja au mawili yaliyopasuliwa ndani ya nusu kilo ya sukari, mtungi ufungwe vizuri kwa wiki kadhaa. Unga wa maganda yaliyokaushwa na kusagwa nao unafaa. Gliserini ya chakula pia hutumika kulowekea, ila harufu yake hutoka dhaifu.

Esensi na vanila halisi, kuna tofauti kweli kwenye keki?

Inategemea unapika nini. Esensi nyingi ni vanilini, yaani kionjo kikuu cha vanila, ya kutengenezwa. Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walifaulu kuitengeneza mwaka 1874, na vanilini hiyo haitofautiani na iliyomo kwenye ganda. Lakini ganda lina mamia ya vionjo vingine pamoja nayo. Kwenye biskuti au keki ya chokoleti, moto na kakao hufunika karibu vyote, na sioni sababu ya kumwaga vanila ya bei humo. Kwenye kastadi, aiskrimu na krimu ya kupambia, tofauti utaionja mara moja.

Kinachoniudhi si esensi, ni chupa yenye picha ya ua la vanila wakati lebo ya nyuma imeandikwa vanilini na rangi ya karameli. Rangi ya kahawia haithibitishi chochote. Geuza chupa usome kabla hujalipa.

Mbona vanila ghali hivyo?

Kwa sababu kila ua huchavushwa kwa mkono, nalo hufunguka asubuhi moja tu. Mmea wenyewe asili yake ni Meksiko. Ulipopelekwa kwingine ulichanua bila kuzaa vya maana, hadi mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, alipoonyesha jinsi ya kuchavusha kwa kijiti na kidole gumba. Wakulima wanafanya vivyo hivyo mpaka leo. Baada ya hapo ganda hukaa mtini karibu miezi tisa, likichumwa bado halinukii; harufu huja kwa kulichovya kwenye maji moto, kulifunika litoe jasho na kulianika kwa miezi. Anayekuuzia "vanila halisi" kwa bei ya kutupa anakuuzia kingine.

Maganda yangu yana weupe juu. Nitupe?

Yapeleke kwenye mwanga. Vikiwa ni visindano vinavyometameta, hiyo ni vanilini iliyoganda, furahi. Ukiwa ni utando uliofifia wenye manyoya na harufu ya uvundo, ni ukungu. Tupa. Usiufute ukayaloweka.

Niweke vanila kwenye friji?

Hapana. Kabati lenye giza.

Keki zangu zinanuka mayai. Niongeze vanila kiasi gani?

Usiongeze. Vanila imefanywa dawa ya kufunika makosa, na keki zinatoka chungu kwa esensi huku mayai bado yananuka. Ute wa yai ukipikwa kupita kiasi hutoa harufu ya salfa, kwa hiyo anza na muda wa oveni. Kisha angalia kama mayai hayajakaa siku nyingi, na kama hujazidisha idadi kuliko unga unavyohitaji. Ukishayarekebisha hayo, kijiko kimoja cha chai cha vanila kwa gramu 250 za unga kinatosha. Kitie mapema, unapopiga siagi na sukari, kwa sababu mafuta ndiyo yanayoishika harufu yake.