Kabla Hujanunua Kitabu cha Kari ya Mkahawani, Tafuta Ukurasa wa Vitunguu

Kitabu changu cha kwanza cha mapishi ya kari nilikinunua kwa sababu ya picha. Ilikuwa mwisho wa mwezi, mshahara umeingia, nami niko Westlands, hapa Nairobi, nazubaazubaa ndani ya duka la vitabu. Kwenye jalada palikuwa na karai dogo la shaba, kuku ndani ya mchuzi mwekundu, krimu imezungushwa juu yake. Kiliahidi kunifundisha kupika "kama mkahawani". Nikatoa shilingi 4,200 bila hata kukifungua katikati.

Jumapili hiyo mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa, nikasema leo mimi ndiye mpishi. Kitabu kiliagiza: kaanga vitunguu dakika 5 mpaka viwe na rangi ya dhahabu. Hizo dakika 5 nilizihesabu kwenye simu. Vitunguu vilikuwa vimelegea tu, vyeupe pe, lakini nikajiambia kitabu ni kitabu, nikaendelea na hatua iliyofuata. Nilichopakua mezani kilikuwa maji ya nyanya yenye vipande vya kitunguu vinavyoogelea, na bizari mbichi inayokwaruza koo. Mama mkwe alionja vijiko viwili, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, hivi vitunguu umevipika, au umevionyesha moto tu?"

Tangu siku hiyo nimenunua vingine vitano vya aina hiyo. Vitatu nimevigawa. Ndiyo maana watu kazini huniuliza kipi kinafaa, na jibu langu huwa lilelile: ukikishika kitabu, ruka picha, ruka utangulizi wa mwandishi kumkumbuka nyanya yake, nenda moja kwa moja kwenye vitunguu. Hapo ndipo kitabu husema kweli au husema uongo.

Kitunguu karibu chote ni maji. Maji hayo yasipotoka kwanza, hakiwezi kugeuka rangi, utake usitake. Kwa moto wa jiko letu la kawaida la gesi, vitunguu vitatu vikubwa vilivyokatwa vyembamba huchukua dakika 20 mpaka 30 kufikia kahawia ya kweli, na ukitaka ile ya kukolea kabisa, ongeza. Mwandishi anayekuambia dakika 5 ama hajawahi kutazama saa akipika, ama amepunguza muda ili mapishi yaonekane mepesi. Vyovyote vile, ukimkuta amedanganya kwenye kitunguu, utamwamini vipi kwenye iliki?

Lakini hilo ni la kari yoyote. La mkahawani lina siri yake, na mimi sikulipata kitabuni. Nililipata kwa jirani yangu, mzee aliyefanya kazi kwenye majiko ya mikahawa ya Parklands zaidi ya miaka 20 kabla ya magoti kumkatalia. Tunamwita Fundi. Nilipomwonyesha kile kitabu changu cha picha, alikifungua kurasa tatu nne, akakifunga.

"Kijana, mkahawani hakuna mtu anayeanza kukaanga kitunguu wakati mteja ameshakaa mezani."

Hebu fikiria. Unaagiza, na baada ya dakika 15 sahani iko mbele yako. Kuku hawezi kuiva namna hiyo kwenye mchuzi uliokolea, na jikoni hakuna muujiza. Kilichopo ni sufuria kubwa iliyopikwa asubuhi. Katika mikahawa ya Kihindi ya Uingereza, ambako vitabu vingi vya aina hii vimetoka, sufuria hiyo ni ya vitunguu vingi mno vilivyochemshwa na tangawizi, kitunguu saumu, karoti kidogo, hoho, nyanya, manjano na mafuta, kwa saa nzima au zaidi, kisha vikasagwa mpaka vikawa laini kama uji mwepesi. Ukiuonja peke yake hauna maajabu. Huo ndio mchuzi wa msingi. Kuku naye ameshachemshwa na viungo, anasubiri pembeni. Oda ikiingia, mpishi anachoma mafuta, anatia tangawizi na saumu, viungo vya unga kwa nusu dakika tu, nyanya ya kopo iliyozimuliwa, halafu upawa mmoja wa ule uji juu ya moto mkali mpaka ushike pembeni mwa karai na mafuta yapande juu. Upawa wa pili. Kuku ndani. Kwisha. Akitia krimu na korosho, inaitwa korma. Akizidisha pilipili, inaitwa madras. Majina ishirini kwenye menyu, sufuria moja nyuma ya pazia.

Mikahawa yetu ya hapa hupika kwa njia inayokaribiana na hiyo, ila misingi huwa zaidi ya mmoja. Fundi alizoea mitatu: wa kitunguu na nyanya, wa nyanya na siagi, na mweupe wa korosho.

Kwa hiyo swali la pili unalokiuliza kitabu ni hili: huo msingi uko wapi? Kama kinajiita cha mkahawani na kila kari ndani yake inaanzia kwenye "katakata kitunguu kimoja", kirudishe kwenye rafu. Huenda ni kitabu kizuri cha mapishi ya nyumbani, na mapishi ya nyumbani mimi nayapenda kuliko ya mkahawani, lakini hakitakupa kile ulichokifuata. Jirani zetu Wahindi wenyewe watakuambia nyumbani kwao hakuna anayekula krimu nyingi namna ile kila siku. Wametambuliwa rasmi kuwa kabila la 44 la Kenya tangu 2017, na bado watu wanadhani jioni zao zote ni siagi na nan, ile mikate ya tanuri.

Kuna watu wanaokasirika wakiona mapishi yanayowatuma ukurasa wa 14, kisha wa 22, kisha wa 31. Mimi zamani nilikuwa mmoja wao. Sasa nikiona hivyo natabasamu, maana ni dalili kwamba mwandishi anajua jinsi jiko la biashara linavyofanya kazi: vipande vinaandaliwa kwanza, vinaunganishwa mwishoni. Kinachoniudhi ni pale anaponituma ukurasa ambao nao unanituma kwingine. Jaribu hapohapo dukani: chagua kari moja, fuata kila inakokupeleka, uhesabu. Zikizidi safari tatu, Jumamosi yako imekwisha.

Jambo ambalo sikulifikiria kabisa mpaka nilipoumia ni hili la kuuliza: mkahawa wa wapi? Sehemu kubwa ya mikahawa ya "Kihindi" ya Uingereza iliendeshwa na watu waliotoka Sylhet, Bangladesh ya leo, na wao waliunda mtindo wao wa kuwafurahisha Waingereza. Hapa Nairobi wenye mikahawa wengi ni wa asili ya Punjab na Gujarat, na kuna ladha za Goa pia. Ukila Diamond Plaza, kule Parklands kwenye vibanda vya vyakula vya Kihindi, Ijumaa usiku halafu ukanunua kitabu kilichoandikwa kwa mlaji wa Birmingham, utapika vizuri sana kitu ambacho hukukikusudia. Nilihangaika mwezi mzima na vindaloo ya kitabu kimoja iliyokuwa pilipili tupu, mpaka nikajua kwamba chakula hicho kilizaliwa Goa kutokana na mapishi ya Wareno ya nyama, siki na kitunguu saumu. Kitabu changu hakikuwa na hata tone la siki. Sasa hiyo ni vindaloo gani?

Nyama nayo. Ukikuta "mutton", neno la Kiingereza la nyama ya kondoo, katika kitabu kilichochapishwa India, mara nyingi mwandishi anamaanisha mbuzi. Kwetu hilo ni afueni, mbuzi ndiye wetu. Upande wa kuku ni kinyume: waandishi karibu wote wanapika kuku wa gredi. Ukimpeleka kienyeji wa kutoka kijijini kwenye mapishi ya dakika 25, utatafuna mpaka Jumatatu.

Tena wengi wa hawa waandishi wanaishi chini, karibu na usawa wa bahari. Sisi tuko juu, kama mita 1,700 na ushee, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kwa mchuzi wa kuku hutaona tofauti kubwa. Kwa chana kavu, zile punje ngumu za jamii ya kunde, utaiona. Kitabu kinasema saa moja, wewe unaingia saa ya pili na bado zinagonga sahani. Sikilaumu kitabu kwa hilo, ila nikiona kimetaja presha kuka nakiongezea alama.

Vijiko! Kijiko cha meza cha Uingereza ni mililita 15. Cha Australia ni 20. Kwa chumvi na pilipili, hiyo tofauti si mzaha. Kitabu kizuri kinaeleza mapema kijiko chake ni kipi, na bora zaidi kinapima viungo vya msingi kwa gramu. Kikiandika "vitunguu 4 vya wastani", kumbuka kwamba kitunguu cha wastani cha soko la Wakulima si cha wastani cha duka la Uingereza.

Viungo havinisumbui sana, na hapo ndipo sisi wa Nairobi tumebarikiwa. Jira, giligilani, mdalasini, karafuu, uwatu, vyote viko Ngara na Parklands, vinapimwa mbele yako kwa bei ya kawaida. Hata majani makavu ya uwatu, yale yanayoupa mchuzi ile harufu ambayo mtu huijua lakini hawezi kuitaja jina, hayakosekani. Kwa hiyo usitishwe na orodha ndefu. Mimi nahofia zaidi orodha fupi, ile inayosema "kijiko kimoja cha unga wa kari" kisha ikanyamaza. Bizari ya pakiti niliyonayo kabatini na yake si ndugu.

Angalia pia kama mwandishi anajua una jiko la namna gani. Meko ya mkahawa hunguruma; mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu hauwezi kushindana nayo. Mwandishi mwaminifu atakuambia upike sahani moja au mbili kwa wakati mmoja, maana ukijaza sufuria moto unashuka na mchuzi unachemka badala ya kukaangika. Huyo atakuambia pia ugandishe mchuzi wa msingi kwa vifurushi vidogo. (Hapo umwombe Mungu stima isipotee. Mimi vifurushi vyangu 11 viliyeyuka wikendi moja, tukala kari siku nne mfululizo, na watoto hadi leo wananikumbusha.) Akikuahidi nan sawasawa na ya mkahawani kutoka kwenye oveni yako, mwogope kidogo. Tanuri la nan hupita nyuzi 400. Oveni yangu haifiki hata 300.

Kuhusu bei, sina kanuni. Karatasi inayong'aa ni ghali na huteleza ikishikwa na mkono wenye mafuta. Nachojali ni kama kitabu kinakaa wazi bila kukishikilia, kwa sababu mkono mmoja una mwiko.

Kile ninachokitumia sasa nilikiokota kwa wauza vitabu vya mitumba kando ya barabara mjini. Shilingi 350, nikapunguziwa hamsini. Jalada limechanika, picha ni chache na mbaya. Katika moja kuku ana rangi ya kiatu. Lakini kurasa za mchuzi wa msingi zilikuwa na madoa ya manjano mpaka kwenye pindo, na mahali pengine karatasi mbili zilikuwa zimegandana kwa mafuta. Mwenye kitabu wa kwanza alikuwa ameandika kwa penseli. Kando ya vitunguu: "saa 1 na robo, si dakika 45". Kando ya korma: "sukari nusu". Na kwenye ukurasa mmoja wa dagaa-kamba, neno moja tu, limepigiwa mstari mara mbili: "Usirudie."

Mimi nimeurudia ule wa dagaa-kamba mara mbili. Yule wa penseli alisema kweli.