Bunduki ya kwanza ya kuwindia kwa anayeogopa teke: nilivyoharibu mimi kwanza

Dada, pole sana kwa hicho kidonda cha kwenye nyusi. Kwa wanaoingia sasa: dada yetu yuko Minnesota, ana mwili mdogo, shemeji yake akampeleka uwanja wa shabaha na kumkabidhi .300 Winchester Magnum (majina ya namba kama haya ni ya aina za risasi, na bunduki huitwa kwa risasi yake). Risasi ya pili, bunduki ikarudi nyuma na darubini iliyofungwa juu yake ikampasua juu ya jicho. Sasa anauliza kama ipo bunduki ya kuwindia kulungu isiyomuumiza, au aachane na uwindaji kabisa.

Usiachane nao. Ulipewa bunduki ya mtu mwingine, tena kwa mnyama mkubwa kuliko kulungu.

Mimi teke, yaani ule msukumo wa bunduki kurudi begani, nililijua mapema. Nikiwa na miaka kumi na mbili, kijijini kwetu mkoani Tabora, babu alinipa gobore lake nijaribu. Bega lilivimba siku tatu na wazee wakacheka mpaka machozi. Tangu siku ile nikawa naamini bunduki isiyoumiza haiui, na imani hiyo nikaivusha bahari hadi huku Marekani. Msimu wangu wa kwanza nikanunua .30-06 iliyokwisha kutumika, nyepesi kama fimbo, kitako cha plastiki ngumu. Muuzaji aliniambia inaangusha kila kitu kuanzia hapa mpaka Alaska. Alisema kweli. Ila hakuniuliza kama ninaweza kuifyatua macho yakiwa wazi.

Novemba, kulungu jike akasimama kama mita sabini, ubavu wote upande wangu. Nikasema Bismillahi, nikafumba macho, nikavuta. Nasema nikafumba kwa sababu sasa najua. Siku ile ningeapa kwamba yalikuwa wazi. Risasi ikaingia tumboni, nyuma kabisa ya mapafu. Tulifuata matone ya damu kwa tochi mpaka saa nne usiku, theluji ikayafunika. Asubuhi tulimkuta, koyote, mbwa mwitu wadogo wa huku, wameshatangulia. Nilikaa mwaka mzima bila kugusa bunduki.

Aliyenitibu ni mzee mmoja uwanjani. Alichukua bunduki yangu, akawa anaijaza yeye huku amenipa mgongo: mara risasi ya kweli, mara risasi mfu isiyo na baruti, mimi sijui ipi ni ipi. Kwenye ile mfu, mtutu ulizama chini kama boya la ndoano samaki akidonoa, na bega langu likaruka mbele kupambana na teke ambalo halikuwepo. Hapo ndipo nilipoona ugonjwa wangu kwa macho. Mwili unalijua teke linakuja, unajikunja kabla, na risasi inakwenda unakojikunjia. Dada, kabla hujanunua chochote mwombe mtu akufanyie hivyo hivyo. Hakuna aibu. Nimeona wanaume wa kilo mia wanaojikunja kuliko wewe.

Sasa kuhusu bunduki yenyewe. Teke linatokana na vitu vitatu: uzito wa kichwa cha risasi, wingi wa baruti na kasi inayotoka, na uzito wa bunduki inayobaki mikononi mwako. Watu hubishana kuhusu kaliba tu, yaani upana wa risasi, kumbe hicho cha tatu ndicho rahisi kukishika. Risasi ile ile ukiifyatua kwenye bunduki ya kilo 3.6 badala ya 2.7, nguvu ya teke inapungua kwa robo nzima. Kwa hiyo hizo bunduki nyepesi zinazotangazwa kwa wapanda milima ziache dukani. Wewe utakaa kwenye kibanda juu ya mti, hupandi mlima wowote.

Kwa bunduki ya kilo 3.6 hivi, teke la .243 Winchester ni takribani jouli 12. 6.5 Creedmoor na 7mm-08 Remington zinacheza kwenye 17. .308 inafika 22 au zaidi kidogo, .30-06 inagonga 27, na ile .300 ya shemeji inapita 35. Yaani ulianza na karibu mara tatu ya teke la .243.

.243 ilitoka mwaka 1955, ni ganda la .308 lililobanwa shingo libebe kichwa chembamba. Kwa kulungu inatosha kabisa ukitumia kichwa cha greini 95 au 100 (greini ni kipimo cha uzito wa risasi) kilichotengenezwa kwa kuwinda, siyo vile vyepesi vya wanyama wadogo vinavyopasuka juu juu. Ubaya wake ni kwamba haisamehe sana: ukigonga mfupa wa bega kwa pembe mbaya, hutakuwa na nguvu ya akiba. Nimesikia wengi wakisema .243 ni ya watoto. Mimi naona ni ya mtu anayejua anapopiga, na mwanafunzi hajawa mtu huyo bado.

Ndiyo maana mimi ningekununulia 6.5 Creedmoor au 7mm-08. Creedmoor ilibuniwa na Hornady, kampuni ya risasi, mwaka 2007 kwa ajili ya wapiga shabaha wa mbali, na imeenea kiasi kwamba risasi zake utazipata karibu duka lolote. 7mm-08 ni ya mwaka 1980, nayo ni mtoto wa .308, na ndiyo ninayotumia mwenyewe. Kichwa cha greini 140 kwenye zote mbili kinapita kulungu ubavu hadi ubavu. Tofauti yao porini huioni. Chagua ile ambayo duka la karibu nawe lina masanduku mengi rafuni.

Wapo watakaokucheka kwamba ni ndogo. Waambie wasome habari za Bell, yule Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita. Sehemu kubwa ya tembo wake aliwaua kwa 7x57 Mauser, risasi ambayo kwa nguvu ni jirani wa hiyo 7mm-08, kwa sababu alijua fuvu la tembo kama fundi anavyojua saa. Simsifu kwa idadi ya aliowaua na sishauri mtu amuige. Nasema tu kwamba mahali risasi inapoingia ni muhimu kuliko ukubwa wake.

Kama nyumbani tayari kuna .308 na hela ni ya kuhesabu, tafuta risasi zilizopunguzwa nguvu kiwandani. Zipo, na kwa kulungu wa mita mia zinatosha.

Halafu kipimo cha mwili, na hapa ndipo maduka mengi yanapowaangusha wanawake. Bunduki nyingi za Marekani zina kitako cha kama sentimita 35 kutoka kwenye triga, kipimo cha mwanaume mrefu. Kikiwa kirefu kwako, unakishikia pembeni ya bega, kwenye mfupa, badala ya ule mfuko wa nyama chini ya shingo ya bega. Teke linakuwa ngumi. Kuna matoleo mafupi, watengenezaji wa bunduki Ruger na Savage wanayo, na vitako vingine vinaongezwa au kupunguzwa kwa vipande. Nenda dukani na koti lako la Novemba, lile nene. Utaonekana kituko mwezi wa nane, lakini koti hilo linaongeza sentimita mbili tatu ambazo fulana haikuonyeshi. Na kitako kiwe na raba nene laini mwisho wake.

Kelele nayo ni nusu ya woga. Mlio wa bunduki ya kuwindia unafika desibeli 160 hivi, na sikio linaanza kuharibika papo hapo kwenye 140. Vaa vizibo ndani na vifuniko juu, vyote viwili. Muuzaji akikuuzia kile kipande chenye matundu cha mwisho wa mtutu kinachopunguza teke, ujue kinapunguza kweli, ila kinakurudishia mlio usoni, na anayekaa pembeni yako ataomba uhame.

Mazoezi yako mengi yawe kwa .22 ndogo. Kwa kulungu hairuhusiwi, lakini inakufundisha kuvuta triga bila hofu kwa bei ya karanga. Risasi mia za .22, kisha kumi tu za ile kubwa, halafu nyumbani. Ukianza kujikunja, acha siku hiyo. Na usifyatulie mezani muda wote: ukiinamia meza mwili hauna pa kurudi, unakula teke lote. Simama, au kaa ukiegemeza kwenye fimbo za kuwindia. Mezani ni kwa kurekebisha darubini tu, na hata hapo weka kifuko cha mchanga kati ya bega na kitako.

Karatasi: kama umezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979, Minnesota inataka cheti cha usalama wa silaha kabla ya leseni. Na kama uko kwa viza ya muda na siyo kadi ya kijani, soma sheria ya shirikisho kwanza kabla ya kushika bunduki ya mtu, hata ya shemeji.

Uliuliza mwishoni kuhusu darubini. Ya kukuza mara 3 hadi 9 inatosha, nawe iache kwenye 3, msituni huku kulungu anatokea karibu. Ila ifungwe upya kwa mwili wako. Kumbatia bunduki tupu, fumba macho, weka shavu kwenye kitako, fumbua. Picha ionekane nzima bila kunyoosha shingo, na kati ya nyusi na chuma ngumi yako ipite. Ngumi isipopita, irudishe kwa fundi. Kama uko upande wa St. Cloud, mwezi wa tisa nitakuwa uwanjani karibu kila Jumamosi na 7mm-08 yangu. Njoo na koti lako ujaribu kabla hujatoa hela.