Maswali ya Wasomaji: Mchezo wa Majaribio Uani

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha vijana wa Vingunguti, Dar es Salaam, tunaoandaa mchezo wa kuigiza kuhusu maisha ya wapangaji wa uswahilini. Baadhi yetu wanataka tuuigize uani, bila jukwaa wala mapazia, na tuachane na kisa chenye mwanzo na mwisho. Wengine wanadai kwamba majaribio ya namna hiyo ni ya wasomi na majirani hawatayaelewa. Tufuate lipi?

JIBU: Ndugu zangu, igizeni uani. Mtu aliyekua akiitikia “Pakawa” kila fanani aliposema “Paukwa”, na kuimba pamoja naye katikati ya hadithi, hatashangaa mwigizaji akimgeukia na kumsemesha. Penina Muhando alimpa Bi Msimulizi kazi hiyo hiyo katika tamthilia yake *Nguzo Mama* (1982), na Ebrahim Hussein alikuwa amekwisha kuanza *Mashetani* (1971) kwa mchezo ndani ya mchezo. Waandishi hao walikuwa wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni kweli, lakini usimulizi waliouchota ni wa bibi zetu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni jinsi mtakavyoonyesha ufukara wenyewe. Waigizaji wetu wengi wakipewa nafasi ya maskini hutafuta nguo zilizochanika na sauti ya kulia, ilhali mpangaji wa chumba kimoja hutoka asubuhi akiwa amepiga pasi shati lake. Shida yake imo katika hesabu: kodi ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo wakati kibarua hulipwa kwa siku, mafuta ya kupikia yanayonunuliwa kwa kupimiwa, na godoro linalopandishwa juu ya meza Mto Msimbazi unapofurika.

Chukueni mita moja ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, inayotumiwa na nyumba nzima. Wapangaji wote huchanga sawa, lakini mmoja ana friji ya kugandishia barafu za kuuza na mwingine ana taa moja tu. Umeme ukatike katikati ya ugomvi wao, mchezo usimame gizani, na watazamaji waulizwe nani alipie uniti zinazofuata. Asiyekubaliana na mhusika aingie uwanjani achukue nafasi yake. Utaratibu huu wa mtazamaji kuingia mchezoni uliendelezwa na Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazil, katika miaka ya 1970, nao unahitaji mwongozaji mwepesi wa kusikiliza, asiye na haraka ya kutoa jibu lake mwenyewe. Hapo ndipo vikundi vingi hushindwa: mtazamaji akishatoa wazo lisilotarajiwa, waigizaji humrudisha kwenye mafunzo waliyoyapanga nyumbani.

Msichukue kisa cha jirani bila idhini yake, kwani hata mkibadilisha jina, katika nyumba ya vyumba sita kila mtu atamtambua. Mkialikwa baadaye kuigiza Masaki, kwa matajiri, mbele ya wageni waliolipa kiingilio, mchezo huo huo unaweza kumgeuza mpangaji kuwa kiroja cha kutazamwa. Kabla ya kukubali, amueni mtawauliza swali gani watazamaji wa huko, ambao baadhi yao ndio wenye nyumba.

Serikali ya mtaa ipewe taarifa mapema. Mwenye uani naye aombwe ruhusa akiwa amekwisha kuelezwa kwamba suala la kodi limo mchezoni, asije akalisikia kwa mara ya kwanza siku ya onyesho.