Kamera inaweza kusoma hisia za msailiwa?

SWALI: Mimi ni afisa rasilimali watu katika kampuni ya usafirishaji jijini Dar es Salaam. Tumeletewa programu ya usaili kwa video: mwombaji anajibu maswali mbele ya simu yake, programu inachambua uso wake na kumpa alama za "shauku", "kujiamini" na "msongo". Kwenye majaribio, waombaji wengi kutoka mikoani, hasa mabinti waliomaliza chuo karibuni, walipata alama ndogo za shauku, na baadhi yao wakaandikiwa hasira. Muuzaji anasema hisia za binadamu ni zilezile dunia nzima, hivyo programu haina kosa, na kama tuna wasiwasi wataiongezea nyuso za Watanzania. Je, kisayansi ana hoja? Na kuongeza nyuso kutasaidia?

JIBU: Muuzaji wako hajatunga. Anarudia sayansi iliyotawala vitabu vya saikolojia kwa miaka mingi, isipokuwa ameishia katikati ya hadithi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanasaikolojia wa Marekani Paul Ekman na Wallace Friesen walifanya utafiti kwa watu wa Fore, nyanda za juu za Papua New Guinea, ambao wengi wao hawakuwa wamezoea sinema wala magazeti ya Wazungu. Waliwasimulia kisa kifupi, kwa mfano cha mtu aliyefiwa na mtoto, kisha wakawaonyesha picha mbili au tatu za nyuso ili wachague inayolingana na kisa. Wengi walichagua kama ambavyo Mmarekani angechagua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971, na orodha ya hisia sita ikaenea kila mahali: furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao na kinyaa. Programu nyingi za kusoma nyuso zimejengwa juu ya orodha hiyo.

Ila tazama jaribio lenyewe. Kisa kimeshamwambia mtu kwamba huu ni msiba, na picha ni mbili tatu tu. Ataitupa inayocheka bila kuhitaji kujua lolote kuhusu "uso wa huzuni". Na hata hao Fore, uso wa hofu ulipowekwa karibu na wa mshangao, hawakuweza kuzitofautisha nyuso hizo mbili.

Watafiti wa baadaye walipoacha kuwapa watu majibu ya kuchagua, picha ilibadilika. Mwaka 2014 kundi la Maria Gendron na Lisa Feldman Barrett lilichapisha utafiti uliofanywa kwa Wahimba wa Namibia. Walipewa picha 36, za watu sita wenye sura sita kila mmoja, wakaachwa wazipange mafungu wanavyoona wenyewe. Mafungu sita ya vitabuni hayakutokea. Nyuso za kucheka zilikaa pamoja, za macho yaliyokodolewa vilevile, nyingine nyingi zikaingiliana. Walipoulizwa, walitaja zaidi matendo: huyu anacheka, huyu anatazama. Gendron na wenzake wakaja hapa kwetu pia, kwa Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, na mwaka 2020 wakatoa matokeo yanayoelekea hukohuko: ushahidi wa nyuso zinazosomeka vilevile kwa wanadamu wote ulikuwa mdogo. Katika visiwa vya Trobriand, huko Papua New Guinea, ule uso wa macho makubwa na mdomo wazi, ambao programu yenu bila shaka ingeuita hofu, vijana waliuona ni uso wa mtu anayetisha wenzake.

Hii haina maana kwamba hatuelewani kabisa. Hilary Elfenbein na Nalini Ambady walikusanya tafiti nyingi mwaka 2002 wakaona kwamba watu wa tamaduni tofauti hukisia hisia za wenzao vizuri kuliko kubahatisha, ila kila mtu huwasoma watu wa kwao vizuri zaidi, na pengo hupungua kadiri watu wanavyoishi pamoja. Maana yake kusoma uso kuna sehemu ya kujifunza, na hapo ndipo tatizo lenu linapoanzia.

Uso wa mtu aliye mbele ya watu unafanya kazi ya kuhusiana nao. Friesen aliwaonyesha wanafunzi wa Japani na wa Marekani filamu za kuogofya. Wakiwa peke yao, nyuso zao zilifanana. Mtafiti alipoingia chumbani, Wajapani walizificha hisia zao mbaya kwa tabasamu kuliko Wamarekani. Sasa mchukue binti aliyefundishwa tangu utotoni kwamba mbele ya mkubwa sauti inashuka na macho yanainama, na kwamba anayemtazama mzee usoni moja kwa moja ana macho makavu. Anajibu swali la mwajiri, mtu mkubwa kwake. Anachokionyesha ni adabu, programu inaandika "hana shauku".

Naongeza jambo ambalo wauzaji hawalizungumzi. Mazungumzo yetu yanaendeshwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Yanaanza na salamu, kisha msikilizaji anaitikia "ehee", "naam", "enhe", na uso wa msemaji unachangamka kwa kuitikiwa. Kwenye simu inayorekodi hakuna salamu wala mwitikio. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya ubaridi mliouona ni ya chombo, si ya waombaji.

Tahadhari: usiyageuze haya kuwa kanuni mpya, kwamba watu wa mikoani ni wapole na wa mjini ni wachangamfu. Binti wa Sumbawanga aliyekua akiuza dagaa sokoni na mama yake anaweza kuwazidi wasaili wako wote kwa maneno.

Kuhusu kuongeza nyuso za Watanzania: kutasaidia kidogo, na si mahali penye kidonda chenyewe. Programu inayofunzwa kwa nyuso nyeupe hukosea zaidi kwa nyuso nyeusi, hilo limethibitishwa. Mwaka 2018 Lauren Rhue alizipitisha picha za wachezaji wa mpira wa kikapu wa NBA kwenye programu mbili, ya Microsoft na Face++. Wachezaji weusi walipewa hisia hasi kuliko weupe, na Face++ iliwaona wana hasira zaidi hata pale kiwango cha tabasamu kilipokuwa sawa. Wale mabinti walioandikiwa hasira huenda wamepitia hapo. Hitilafu ya aina hiyo data mpya inaweza kuipunguza.

Lakini kila picha inayoongezwa lazima mtu aibandike jina: huyu ana hasira, huyu ana shauku. Mbandikaji haujui moyo wa aliye pichani, anauona uso tu. Barrett na wenzake wanne walipitia tafiti nyingi mwaka 2019 wakaeleza kwamba watu wenye hasira hukunja uso takriban asilimia 30 tu ya nyakati, na watu hukunja uso pia wakiwa wanafikiri au hawasikii vizuri. Ukiipa programu nyuso milioni moja za Kitanzania zilizobandikwa kwa kukisia, itajifunza makisio yetu kwa ustadi mkubwa.

Wenye biashara hii wenyewe wameshaanza kurudi nyuma. HireVue, kampuni kubwa ya usaili wa video, ilitangaza Januari 2021 kwamba imeacha kuchambua nyuso. Microsoft ilitangaza Juni 2022 kuondoa huduma yake ya kukisia hisia usoni. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 2 Februari 2025, umepiga marufuku kutumia akili mnemba kukisia hisia za watu kazini na mashuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Muulize muuzaji kwa nini kitu hicho kinatafuta wateja huku. Na kabla ya kusaini chochote, mwonyeshe mwanasheria wenu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, maana hizo video ni taarifa binafsi za waombaji.

Badala yake fanyeni usaili uliopangwa: maswali yaleyale kwa kila mtu, yanayotokana na kazi yenyewe, pamoja na vigezo vya alama vilivyoandikwa kabla ya mtu wa kwanza kuingia. Wasaili wawili watoe alama kila mmoja kivyake, kisha walinganishe. Uchambuzi mpana wa tafiti za ajira uliochapishwa na Paul Sackett na wenzake mwaka 2022 uliuweka usaili wa namna hiyo juu kabisa kati ya njia za kutabiri utendaji kazini. Kama umbali unawalazimu kutumia simu, apigiwe na mtu, si na mashine, na aanze kwa kumjulia hali.

Waombaji walioanguka kwenye majaribio kwa sababu ya alama za uso, zifuteni alama hizo na muwaite tena.