Kipupwe: Nisome Nini, Nitazame Nini, Nivae Nini

Baridi ikishaingia, maswali yenu hunirudia yaleyale, na mengi yana haraka ndani yake. Mnataka kitabu kisomeke upesi, tamthilia iishe upesi, sweta lifuliwe upesi. Nimechukua machache ya wiki hii.

Swali: Naomba orodha ya vitabu 50 vya kumaliza kabla baridi haijaisha.

Sitoi. Tafuta vitatu, uvisome.

Swali: Kitabu gani kimekugusa zaidi siku hizi? Kisiwe kirefu, nachoka haraka.

Kilichonigusa ni chembamba kweli. Kinaitwa *Small Things Like These*, cha Claire Keegan, kimetoka 2021, kurasa mia na kidogo tu. Tupo Ireland mwaka 1985, zimebaki wiki chache Krismasi ifike. Bill Furlong anauza makaa ya mawe na kuni. Ana mke, ana mabinti watano, na kazi yake inamtoa kitandani giza halijaondoka. Siku moja anapeleka mzigo kwenye nyumba ya watawa, anafungua banda la makaa, anamkuta msichana amefungiwa humo.

Baada ya hapo hakuna mbio wala risasi. Kuna mtu mwema anayejiuliza kama anyamaze, na majirani wanaompenda wakimwambia kwa upole kwamba anyamaze. Nyumba za namna hiyo zilikuwepo kweli. Wanawake na wasichana walifungiwa humo wakifua nguo za watu bila malipo. Ya mwisho ilifungwa 1996, na serikali ya Ireland ikaomba radhi 2013. Keegan hakuhubiri hata mstari mmoja juu ya hayo. Ametuonyesha mikono ya Furlong yenye vumbi la makaa, na jinsi anavyoshindwa kukaa kimya mezani pake mwenyewe.

Sasa sikiliza, wewe uliyesema unachoka haraka. Kurasa chache hazimaanishi dakika chache. Mimi nilikimaliza jioni moja, nikakianza tena kesho yake, na ni mara ya pili ndipo nilipoona mambo madogo aliyoyatandika tangu mwanzo nikayapita. Na usianze na filamu yake. Anza na kitabu, uyasikie mawazo ya Furlong yakiwa bado hayana sura ya mwigizaji.

Kama utapenda kingine chembamba, chukua *Orbital* cha Samantha Harvey, kilichopata Tuzo ya Booker 2024. Watu sita wako kwenye kituo cha anga, siku moja tu, na katika siku hiyo wanaizunguka dunia mara 16. Anayetafuta kisa cha kusisimua atakasirika. Anayeweza kutulia na sentensi nzuri atafurahi sana.

Swali: Kusikiliza kitabu ni kusoma?

Ndiyo. Masikio yalipokea hadithi kabla macho hayajajua herufi. Ila usisikilize huku unajibu ujumbe kwenye simu, kisha useme kitabu hakikuwa na kitu.

Swali: *Paradise* cha Abdulrazak Gurnah nikisome kwa Kiingereza au nitafute tafsiri? Rafiki zangu wanasema tafsiri huwa hafifu.

Waulize hao rafiki zako ni tafsiri ipi waliyoisoma. Ida Hadjivayanis ameitafsiri riwaya hiyo kwa Kiswahili, ikatoka 2022 kwa jina la *Peponi*, na kama Kiswahili ndicho unachokiwazia, anza nayo. Ya Kiingereza ni ya 1994, ukiwa na hamu utaifuata baadaye.

Sababu yangu ni hii. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Yeye anadhani anakwenda kwa jamaa, na anamtaja tajiri kwa neno la ujamaa. Khalil, kijana aliyemtangulia dukani, anamkatiza: huyo si ndugu yako, muite Seyyid. Msomaji wa Kiingereza anaelewa kwamba mtoto amesahihishwa. Wewe uliyelelewa na maneno ya ujamaa, unayejua nani anaitwa nani na kwa nini, utaelewa kwamba mtoto amevuliwa nasaba mbele ya macho yako. Hilo Kiswahili kinalibeba chenyewe.

Na nitaongeza ambalo hukuuliza. Gurnah alipopata Nobel mwaka 2021, watu wengi walimsifu ambao hawajamfungua. Sifa ya bila kusoma haimsaidii mwandishi yeyote.

Swali: Kuna ubaya gani kutazama tamthilia kwa kasi ya 1.5? Nina mambo mengi.

Swali hili linanifikia kila mwezi, na kila mwezi mwulizaji ana mambo mengi. Kama una mambo mengi, tazama kidogo.

Chukua *Adolescence*, ya 2025. Sehemu nne tu. Mvulana wa miaka 13 anakamatwa alfajiri na polisi wenye silaha, anatuhumiwa kumuua msichana wa shuleni kwao. Kila sehemu imepigwa kwa mkupuo mmoja, kamera haikatwi tangu mwanzo hadi mwisho. Maana yake, muda unaopita kwa wazazi waliokaa kituoni ndio muda unaopita kwako. Wakisubiri dakika tatu, nawe unasubiri dakika tatu. Ukiongeza kasi, umeondoa kitu ambacho waigizaji na wapiga picha walijipanga usiku na mchana kukitengeneza.

Nenda sehemu ya tatu. Karibu yote ni chumba kimoja, mwanasaikolojia na yule mvulana, meza katikati yao. Mtoto anacheka, anabembeleza, ghafla anafoka, kisha anakuwa mtoto tena. Mwishoni mwanamke anabaki peke yake, na kazi aliyokuwa anaifanya kuzuia mwili wake usitetemeke inamshinda. Hakuna neno linalosemwa pale. Kwa kasi ya 1.5 hutaona chochote, utaona mtu anahema. Owen Cooper aliyecheza mvulana huyo alikuwa hajawahi kuigiza kwenye televisheni, na alipata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, akiwa na miaka 15. Mpe saa yake nzima.

Kwa wazazi wenye watoto wa umri huo: itazameni, lakini kwanza peke yenu. Halafu mkae na mtoto, msimrushie simu na kumwambia "angalia hii".

Swali: Ukijua mwisho, tamthilia inaharibika?

Iliyo nzuri haiharibiki. Lakini anayewasimulia wenzake mwisho bila kuombwa amewaibia.

Swali: *Shōgun* ya 2024 nitazame iliyotiwa sauti za lugha moja, au ile yenye maandishi chini? Kusoma kunanichosha macho.

Yenye maandishi, na hapa sina mjadala. Tamthilia ile ya sehemu kumi ilipata Emmy 18 kwa msimu mmoja, na sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni ya Kijapani. Tupo Japani mwaka 1600, baharia Mwingereza amekwama kati ya mabwana wanaowindana. Anayesimama katikati ni Mariko, mwanamke anayetafsiri. Bwana anasema neno, Mariko analipokea, analifikisha likiwa limelainishwa, au limefupishwa, au limenolewa. Usalama wa watu uko kwenye tofauti ya alichosikia na alichosema.

Sasa tia sauti za lugha moja kwa wote. Bwana anazungumza, Mariko anarudia jambo lilelile kwa lugha ileile, na mtazamaji anajiuliza kwa nini huyu mama anarudiarudia. Kazi yake imefutwa. Anna Sawai ameigiza kwa macho katika ule upenyo mdogo kati ya kusikia na kusema. Ukiuziba, umemziba yeye. Macho yakichoka, tazama sehemu moja kwa usiku.

Swali: Nimependa sweta la yule mpelelezi Sarah Lund kwenye tamthilia ya Denmark. Nimeona yanayofanana nalo mtandaoni, yanang'aa vizuri. Ninunue?

Umesema yanang'aa, na mimi nimeshapata wasiwasi. Tamthilia hiyo, *Forbrydelsen*, ilianza 2007, ikaonyesha kesi moja kwa sehemu 20, na sweta lile likawa maarufu kama mvaaji wake. Ni la sufu, limefumwa kwa mkono, asili yake visiwa vya Faroe, ambako mvua na upepo havipumziki. Lund halivai kwa urembo. Analivaa siku baada ya siku kwa sababu linafanya kazi.

Yanayofanana nalo mengi ni akriliki, na akriliki ni plastiki iliyovutwa kuwa nyuzi. Geuza sweta, tafuta lebo kwenye mshono wa ubavuni, soma asilimia. "Mchanganyiko wa sufu" unaweza kuwa sufu asilimia tano. Kama lebo imekatwa, chomoa uzi mmoja mfupi mshononi, ushike kwa kibanio juu ya sinki lenye maji, uuwashe. Sufu inaungua shingo upande, inazimika yenyewe ukiondoa moto, inanuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake linasagika vidoleni. Akriliki inayeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Usiiguse kabla haijapoa. Uzi mmoja, narudia. Usichome sweta.

Kwa nini nang'ang'ana hivi? Sufu ina mikunjo midogo inayoshika hewa, na inaweza kunyonya unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi umelowa. Akriliki itakutoa jasho kwenye basi na kukuacha unatetemeka kituoni. Kama uwezo wako leo ni akriliki, vaa bila aibu, nguo ya joto ni nguo ya joto. Ninachokataa ni kuuziwa plastiki kwa jina la kondoo.

Swali: Sweta langu la sufu nimelitia kwenye mashine ya kufulia, limenywea, sasa linamtosha mtoto. Nifanye nini?

Mpe mtoto.

Wiki mbili zilizopita nililieleza hili. Uzi wa sufu una magamba madogo. Maji ya moto na kusuguliwa huyafanya yakamatane, na yakishakamatana sana hayaachani. Kama limenywea kidogo tu, liloweke nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu yenye kondishena ya nywele, likamue kwa kulibana ndani ya taulo bila kulisonga, kisha livute polepole na ulikaushe likiwa limelala. Utapata nafuu, hutapata sweta la zamani. Usilitundike likiwa limelowa. Uzito wa maji utalirefusha mikono mpaka magotini.

Swali: Sufu inaniwasha. Nina mzio?

Mara nyingi si mzio. Ncha za nyuzi nene, zile za mikroni 30 na kwenda juu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ni ngumu, hazikunjiki, zinachoma ngozi. Tafuta merino, sufu laini ya kondoo wa jina hilo, nyembamba ya chini ya mikroni 19, au vaa fulana nyepesi ndani. Ukitoka vipele au kuvimba, hapo muone daktari.

Swali: Nondo wametoboa sweta zangu zote. Nimeweka naftalini kila kona, bado.

Ondoa naftalini leo hii, hasa kama kuna mtoto nyumbani. Ule mvuke ni sumu, na kidonge kile kwa jicho la mtoto ni peremende.

Nondo anayeruka hali nguo, wanaokula ni viwavi wake, nao hupenda penye jasho na mafuta ya mwili. Fua kabla ya kuhifadhi, kausha kabisa, funga kwenye mfuko usiopitisha hewa. Zilizokwisha kushambuliwa zitie kwenye mfuko, uziweke kwenye friza wiki mbili.

Swali: Napenda kusoma usiku lakini miguu inakuwa barafu. Nimevaa soksi jozi tatu!

Vua mbili. Soksi zilizobanana zinafukuza hewa, na hewa ndiyo inayokutia joto, tena zinakaza mishipa. Jozi moja ya sufu, pana, na mto au zulia chini ya nyayo. Juu vaa tabaka jepesi mwilini, sweta, kisha shali unayoweza kuivua bila kusimama.

Na kwa kuwa najua wapo wanaofanya: msiingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha ili msome kwa raha. Hewa ya sumu inayotoka haina harufu wala rangi, unahisi usingizi tu. Kitabu kinaangukia kifuani na mtu haamki. Ongeza blanketi.

Swali: Mama yangu macho yamepungua nguvu, hawezi tena kusoma na alikuwa msomaji sana. Nimnunulie televisheni kubwa au vitabu vya sauti?

Vitabu vya sauti ni vizuri kwa saa ambazo haupo. Lakini, mwanangu, jioni msomee wewe. Muulize ni kitabu gani alikipenda alipokuwa na umri wako, ukitafute hichohicho. Kaa upande wa sikio linalosikia vizuri, taa iangukie kitabu na isimpige yeye usoni, shali iwe mabegani pake kabla hamjaanza. Sura moja inatosha. Ukifika mwisho wa sura, usikifunge kitabu haraka, maana atakuwa na neno la kusema.