Maswali ya wasomaji: Ukoo wa Hennessy, nani ni nani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nimekuwa nikifuatilia stori ya Richard Hennessy, yule Mwairishi aliyeanzisha brandi (pombe kali ya zabibu) ya Hennessy kule Cognac, Ufaransa. Kila mahali wanasema alikuwa mwanajeshi asiye na kitu akajijenga mwenyewe. Sasa nikijaribu kuchora mti wa ukoo wake nachanganyikiwa kabisa, kina James wengi, kina Richard wengi, mke wake kumbe alishaolewa na Hennessy mwingine kabla yake, halafu mara naona Martell nao wamo humo humo. Nani ni nani? Na ilikuwaje wafanyabiashara wa Ireland wakajaa Ufaransa hivyo?

JIBU: Asante sana ndugu yangu kwa swali hili, nimelifurahia mno. Niseme tu wazi kwamba hiyo habari ya mtu mmoja kujijenga peke yake siikubali, na kinachonifanya niikatae ni hicho hicho kilichokuchanganya wewe: mjane, wakwe, mabinamu wenye majina yale yale. Hao ndio waliokuwa mtaji wake.

Tuanzie kwao. Richard anatoka Ballymacmoy, karibu na kijiji cha Killavullen, bonde la mto Blackwater, kaunti ya Cork. Familia ya Kikatoliki, na miaka ile Mkatoliki Ireland alikuwa amebanwa kila upande. Sheria ya 1695 ilimkataza hata kuwa na farasi wa thamani ya zaidi ya pauni 5. Halafu ikaja ya 1704 ambayo ndiyo ilivunja familia hasa, maana Mkatoliki akifa ardhi yake inagawanywa sawa kwa watoto wote wa kiume, lakini mtoto wa kwanza akihamia kanisa la Kiprotestanti la serikali basi anachukua yote. Hebu fikiria ndugu wanakaa meza moja wanajua hilo. Kununua ardhi hairuhusiwi, kukodi mwisho miaka 31. Kwa hiyo ukiwa kijana, tena siyo wa kwanza kuzaliwa kama Richard, kilichobaki ni biashara, au jeshi la Ufaransa, ambako maelfu ya wanajeshi Waairishi walikuwa wameshahamia baada ya mkataba wa Limerick wa 1691, uliomaliza vita kule Ireland. Richard akaenda jeshini, kwenye kikosi cha Waairishi cha mfalme Louis wa 15. Biashara ya brandi ikaja baadaye, 1765.

Sasa hapa ndipo watu wanaporuka haraka. Wanasema akaanzisha kampuni, basi, kama vile alifungua mlango asubuhi wateja wakaingia! Angalia kazi yenyewe ilivyokuwa. Mapipa yanapakiwa kwenye mashua bapa pale Cognac, yanashuka mto Charente taratibu hadi Tonnay-Charente, pale yanahamishiwa meli za baharini, ndiyo yaende Dublin au London. Wewe uko Cognac, mnunuzi yuko Dublin hujawahi kumuona, na mkulima aliyekuuzia brandi anataka hela yake leo. Malipo yanakwenda kwa hawala, yaani karatasi inayosema fulani wa London atalipa kiasi fulani baada ya siku kadhaa, na karatasi hiyo inapita mkono hadi mkono na thamani yake ni jina la huyo fulani tu. Akikataa kulipa umekwisha. Utamwamini nani? Ndugu yako, au mtu aliyemuoa dada yako, au kijana wa kijiji chenu ambaye mama yake anamfahamu mama yako. Ndiyo maana nyumba za biashara za Waairishi kule Bordeaux, Ostend, Nantes, London na Dublin ukizichunguza unakuta ni watu wa koo chache tu zimesukana.

Ushauri wangu basi ni huu, acha kwanza kina Richard na kina James, fuata wanawake. Mke wa Richard ni Ellen Barrett. Ndiyo, alikuwa mjane wa Hennessy mwingine, James, binamu wa Richard, kwa hiyo mti wako haujakosewa. Ellen kwa upande wa kina Nagle ni ndugu wa Edmund Burke, yule mwanasiasa maarufu wa bunge la Uingereza, ambaye mama yake Mary Nagle alikuwa Mkatoliki wa bonde lile lile la Blackwater, na Burke mwenyewe alikaa huko kwa wajomba zake akiwa mtoto. Na ukoo huo huo wa Nagle ndio uliomtoa Nano Nagle, aliyezaliwa 1718 Ballygriffin, jirani kabisa na Killavullen, akasoma Ufaransa, akarudi Cork akafungua shule za watoto maskini wakati sheria ilikuwa inamkataza Mkatoliki kufundisha, na 1775 akaanzisha shirika la masista wa Presentation. Fedha za kazi hiyo kwa sehemu kubwa zilitoka kwa Joseph Nagle, ndugu wa baba yake. Kwa kweli inaniuma nikiona mti wa ukoo ambao Ellen ameandikwa "mke" tu, hana kwao, wakati kwao ndiko mlango wa kuingilia bunge, kanisa na biashara ulikokuwa.

Kuhusu Martell ni rahisi. Jean Martell alitoka kisiwa cha Jersey akaanza biashara yake Cognac 1715, miaka 50 kabla ya Hennessy. Mwaka 1795 James, mtoto wa Richard, akamuoa Marthe Martell. Nyumba mbili zinazoshindana mji mmoja zikawa wakwe. Richard akafariki 1800, na huyu James ndiye aliyeikuza biashara kweli kweli, jina Jas Hennessy & Co. ni la 1813, hiyo Jas ni James kwa kifupi. Na ule mkono wenye silaha ulioshika shoka kwenye chupa ni nembo ya ukoo.

Lakini usidhani wafanyabiashara wote wa Ireland walikimbia kwa sababu ya dini. Thomas Barton alikuwa Mprotestanti, akafika Bordeaux 1725 akatajirika kwa mvinyo. Shida yake ilikuwa nyingine, sheria ya Ufaransa ilisema mgeni akifa mali yake inakwenda kwa mfalme, kwa hiyo akanunua shamba kubwa huko Tipperary, Ireland, ili warithi wake wasibaki mikono mitupu. Mjukuu wake Hugh ndiye aliyenunua Château Langoa, shamba la mizabibu karibu na Bordeaux, 1821, sheria ile ilipokuwa imeshaondolewa.

Turudi kwenye hao kina James wako. Waairishi wengi walikuwa wanampa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Ndugu wanne wakifanya hivyo tayari una mabinamu wanne wa jina moja, umri karibu sawa, kijiji kimoja. Jina peke yake halitakutoa hapo. Na kumbukumbu nyingi za Ireland ziliungua 30 Juni 1922, ofisi ya kumbukumbu pale Four Courts, Dublin, ilipolipuka wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote zikapotea, na sensa za zamani zaidi ambazo unaweza kuzisoma nzima ni za 1901 na 1911. Kilichobaki cha maana kwa ukoo wa wafanyabiashara ni rejista ya hati za ardhi, ambayo ilianza 1708 na haikuguswa na moto ule, pamoja na vitabu vya ubatizo vya parokia za Kikatoliki, maktaba ya taifa ya Ireland imeviweka kwenye intaneti bure.

Ukifungua kitabu cha ubatizo usiishie kwenye jina la mtoto na baba. Angalia jina la mama, kwa kawaida wameandika la kwao alikozaliwa, na angalia wasimamizi wawili wa ubatizo, mara nyingi ni mjomba au shangazi. James mwenye msimamizi wa ukoo wa Barrett na James mwenye msimamizi wa ukoo mwingine huenda ni watu wawili tofauti, waandike kwenye karatasi mbili kabla hujawaunganisha.