Kukwepa boti hakuponyi hofu ya ziwa

SWALI: Nafanya biashara ya dagaa, nasafiri kwa boti kati ya Kibirizi na Kagunga. Tangu dhoruba itukute ziwani, nikisikia tu injini inawashwa moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka na pumzi zinakata. Duka la dawa wameniuzia diazepamu, vidonge vya kutuliza wasiwasi, na jirani anataka anipeleke kwa mtaalamu anayesema nina pepo wa ziwani. Je, nipumzike safari mpaka hofu iishe? – Mama wa Kibirizi, Kigoma

JIBU: Hapana, mama, usingoje hofu iishe yenyewe, kwa maana kungoja huko ndiko kunakoilisha. Kila unapoahirisha safari mwili hutulia, na utulivu huo huufundisha ubongo kwamba umesalimika kwa sababu hukupanda boti. Safari ijayo utaanza kutetemeka mapema zaidi, pengine kabla hujafika mwaloni.

Mlio wa injini ulifungamana na hatari siku ile ya dhoruba, kama ishara ilivyofungamana na chakula kwa mbwa wa mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov, hata wakadondokwa na mate kwa kuisikia tu. Fungamano la namna hiyo hulegea kwa kukaribiwa taratibu. Mwaka 1924, mwanasaikolojia Mary Cover Jones wa Marekani alichapisha habari za mtoto Peter, aliyeogopa sungura: alipewa chakula akipendacho huku sungura akisogezwa kidogo kidogo, hadi akaweza kumshika.

Nawe anza kwa kukaa mwaloni boti zikiwashwa, na usiondoke hofu ikiwa kileleni, kwani kwa kawaida hupanda kwa dakika chache kisha hushuka. Rudia siku kadhaa, kisha kaa ndani ya boti iliyofungwa, ndipo ujaribu safari fupi siku ziwa limetulia, pamoja na mtu unayemwamini. Kukataa kupanda siku ya upepo mkali ni busara, wala usiihesabu kuwa hofu. Ikiwa ndoto za dhoruba zinakuamsha usiku, au moyo unakwenda mbio hata pasipo boti, nenda hospitali upimwe na uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili.

Kinachonikasirisha ni hao wanaouza nafuu ya saa mbili kwa jina la tiba. Anayekutoza fedha za kumfukuza pepo na anayekupimia diazepamu bila cheti cha daktari wanafanya kosa lilelile: wote wawili wanakuaminisha kwamba huwezi kuivuka hofu bila bidhaa yao. Dawa hiyo ina matumizi yake halali hospitalini, lakini ukiimeza kila safari, ubongo haupati nafasi ya kujifunza kwamba mlio wa injini hauna madhara. Isitoshe, mwili huizoea ndani ya wiki chache, na hapo kipimo cha jana hakitoshi tena. Nawaona wengi waliokuja na hofu ya jambo moja, sasa wana hofu ileile na utegemezi wa vidonge juu yake. Kama umekwisha kuitumia kila siku kwa wiki kadhaa, usiiache ghafla, kwani unaweza kupata degedege. Mwone daktari akupunguzie kipimo hatua kwa hatua.